Vitone au Namba? Namna ya Kuandaa Orodha Sahihi katika Tangazo la Tovuti ya Halmashauri

Katika Mkoa wa Katavi, tangazo la halmashauri husafiri mbali kabla ya kumfikia mlengwa. Huandikwa makao makuu, hupandishwa kwenye tovuti, huchapwa na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, kisha hupigwa picha na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Katibu wa kikundi cha akina mama aliyeko Mishamo au Karema hulisoma kwenye simu ya mkononi, mara nyingi akiwa hana mtu wa kumuuliza. Alichokielewa katika usomaji huo ndicho anachokitia katika bahasha. Endapo sharti moja limejificha katikati ya aya ndefu, naye akaliruka, maombi yake hurudishwa dirishani. Kurudi huko kunamgharimu nauli nyingine na siku nyingine ya kazi, na pengine tarehe ya mwisho imekwisha kupita.

Tatizo hilo lina tiba rahisi isiyohitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje ya mkoa. Tiba yenyewe ni orodha iliyopangwa vizuri, ama kwa vitone ama kwa namba. Makala haya yanaeleza tofauti ya orodha hizo mbili, namna ya kuzitengeneza katika programu ya kuhariri kurasa za tovuti, na makosa yanayopaswa kuepukwa. Yamelenga watumishi wa idara na vitengo, Watendaji wa Kata na Vijiji, wakuu wa shule na waganga wafawidhi wa vituo vya kutolea huduma, ambao ndio waandaaji wa kwanza wa matangazo mengi yanayowafikia wananchi.

Tovuti kama dirisha la huduma

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda na Halmashauri za Wilaya za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Tangu mwaka 2017, Serikali ilipozindua kwa pamoja tovuti za mikoa na halmashauri nchini, anwani zinazoishia na go.tz zimekuwa mahali pa kwanza ambapo mwananchi mwenye simu janja hutafuta taarifa rasmi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 nayo imeweka msingi wa kutoa huduma za Serikali kwa njia ya mtandao.

Hata hivyo, taarifa kuwapo kwenye tovuti ni jambo moja, na taarifa hiyo kueleweka ni jambo jingine. Uzuri ni kwamba ukurasa wa tovuti siku hizi hauhitaji fundi wa kuandika msimbo. Afisa aliyepewa ruhusa huingia katika mfumo kwa jina na nywila yake, hufungua dirisha linaloitwa kihariri, kisha huandika kama anavyoandika barua kwenye kompyuta. Juu ya dirisha hilo kuna upau wenye vitufe vya kukoza maandishi, kuyalaza, kuweka kiungo na kuweka picha. Miongoni mwake vimo vitufe viwili vinavyohusika na makala haya. Kimoja kina mistari mitatu iliyotanguliwa na vitone, na cha pili kina mistari mitatu iliyotanguliwa na tarakimu 1, 2 na 3.

Aina mbili za orodha na kazi zake

Orodha ya vitone hutumika pale ambapo vipengele vina hadhi sawa na mfuatano wake haubadilishi maana. Nyaraka za kuambatisha, vifaa anavyotakiwa kuwa navyo mwanafunzi wa bweni, au huduma zinazotolewa na zahanati ni mifano yake. Mzazi akinunua godoro kabla ya ndoo, au ndoo kabla ya godoro, hakuna kilichoharibika.

Orodha ya namba hutumika pale ambapo mfuatano una maana, au pale ambapo mtu atahitaji kutaja kipengele fulani kwa namba yake. Hatua za kuomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI ni mfano mzuri. Mwombaji huingia katika mfumo, hujaza maombi, hupokea kumbukumbu namba ya malipo, hulipa, kisha hupata leseni yake. Hawezi kulipa kabla ya kupata kumbukumbu namba. Anayepanga hatua hizo kwa vitone anamwachia msomaji kazi ya kubashiri nini kinatangulia nini.

Kipo kipimo chepesi cha kuchagua kati ya aina hizo mbili. Mwandishi abadilishe nafasi za vipengele viwili, kisha asome upya. Iwapo maana haikubadilika, vitone vinatosha. Iwapo maelekezo yamevurugika, namba zinahitajika. Vilevile, kama tangazo litajadiliwa kwa simu au kikaoni, ambako mtu husema "sharti la nne silielewi", ni vema kutumia namba hata kama mfuatano si wa lazima.

Mfano: tangazo la mkopo wa vikundi

Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi. Asilimia nne ni ya wanawake, asilimia nne ni ya vijana na asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu. Tuchukue tangazo la kubuni kuhusu mikopo hiyo, lililoandikwa kwa mtindo wa aya:

"Vikundi vinavyoomba mkopo viwasilishe barua ya maombi ikiwa na muhuri wa ofisi ya kijiji au mtaa pamoja na katiba na cheti cha usajili wa kikundi ambapo pia andiko la mradi litahitajika na muhtasari wa kikao kilichoridhia kuomba mkopo bila kusahau namba za utambulisho za NIDA za wanakikundi wote na akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi."

Hakuna neno la uongo katika aya hiyo, na kila kinachotakiwa kimo. Lakini msomaji lazima aihesabu mwenyewe, na watu wawili wakiihesabu huenda wakapata idadi mbili tofauti. Sasa tuitazame ikiwa imepangwa:

Kikundi kiwasilishe nyaraka zote saba zifuatazo:

• barua ya maombi yenye muhuri wa ofisi ya kijiji au mtaa;
• cheti cha usajili wa kikundi;
• katiba ya kikundi;
• muhtasari wa kikao kilichoridhia kuomba mkopo;
• andiko la mradi;
• orodha ya wanakikundi wote na namba zao za utambulisho za NIDA, na
• uthibitisho kwamba akaunti ya benki ipo kwa jina la kikundi.

Mfano huu ni wa mpangilio tu, kwani masharti yenyewe ni yale yanayotangazwa na halmashauri kwa wakati husika. Jambo la kuzingatia ni kipengele cha mwisho. Katika aya ya kwanza, akaunti ya benki ilitajwa kama hali ambayo kikundi kinapaswa kuwa nayo, na haikusemwa ni karatasi gani ithibitishe hali hiyo. Mwandishi alipolazimika kuiweka katika orodha ya nyaraka, alilazimika pia kujiuliza: mwananchi alete nini hasa? Swali hilo likijibiwa ofisini kabla ya tangazo kutoka, haliji kujibiwa dirishani na mwananchi aliyekwisha kusafiri.

Namna ya kutengeneza orodha katika kihariri

Vihariri vya kurasa za tovuti hutofautiana kwa sura, lakini vinavyotumika zaidi, kama vile CKEditor na TinyMCE, hufuata utaratibu unaofanana. Hatua zake ni hizi:

1. Andika kwanza sentensi ya utangulizi, kwa mfano "Mwombaji aambatishe nyaraka zote zifuatazo", kisha weka nuktapacha.
2. Bonyeza kitufe cha Enter ili kuanza mstari mpya.
3. Bofya kitufe cha vitone au cha namba kwenye upau. Kitone cha kwanza au namba 1 itajitokeza yenyewe.
4. Andika kipengele cha kwanza, kisha bonyeza Enter. Kitone au namba inayofuata itajitokeza.
5. Endelea hivyo hadi kipengele cha mwisho.
6. Bonyeza Enter mara mbili ili kutoka katika orodha na kurudi kwenye aya ya kawaida.
7. Hifadhi kazi, kisha itazame kwenye simu ya mkononi kabla ya kuichapisha.

Kama maandishi yalikwisha kuandikwa, si lazima kuyaandika upya. Inatosha kuhakikisha kila kipengele kipo katika mstari wake, kuiteua mistari yote kwa kipanya, kisha kubofya kitufe cha orodha. Kihariri kitaigeuza mistari hiyo kuwa vipengele. Kubofya kitufe hicho kwa mara ya pili huondoa orodha na kurudisha aya za kawaida. Aidha, orodha ya vitone inaweza kugeuzwa kuwa ya namba kwa kuiteua na kubofya kitufe cha pili, bila kugusa maneno yaliyomo.

Yapo mambo matatu zaidi yanayofaa kufahamika. La kwanza ni kuvunja mstari ndani ya kipengele kimoja. Pale ambapo kipengele kinahitaji maelezo ya ziada katika mstari unaofuata, Shift na Enter zibonyezwe kwa pamoja, na mstari utavunjika bila kuzaa kitone kipya. La pili ni orodha ndani ya orodha. Katika vihariri vingi, kitufe cha kusogeza ndani, au Tab kwenye kibodi, hukifanya kipengele kuwa kidogo chini ya kile kilichotangulia, na Shift pamoja na Tab hukirudisha nje. La tatu ni kufuta kosa. Iwapo kihariri kimejipangia namba pasipohitajika, Ctrl na Z zikibonyezwa kwa pamoja hurejesha hali iliyokuwapo.

Kilichopo nyuma ya pazia

Wapo wanaouliza kwa nini wasumbuke na kitufe ilhali wanaweza kuandika kistari au "1." kwa mkono na sura ikaonekana ileile. Jibu limo katika lugha ambayo kivinjari huisoma.

Kurasa za tovuti huandikwa kwa lugha iitwayo HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na jiji la Geneva, Uswisi. Programu yake ya kwanza ya mwaka 1990 ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja, ikiwa na maana kwamba msomaji aliweza pia kuandika. Orodha ya vitone ilikuwemo katika maelezo ya mwanzo kabisa ya lugha hiyo ya mwaka 1991, na toleo la HTML 2.0 la mwaka 1995 lina orodha za vitone na za namba pia. Lebo zake bado zinatumika hadi leo: ul hufungua orodha isiyo na mfuatano, ol hufungua orodha yenye mfuatano, na li hubeba kila kipengele.

Mhariri anapobofya kitufe cha orodha, kihariri humwandikia lebo hizo bila yeye kuziona. Kivinjari kikizikuta hutambua kwamba hii ni orodha, ina vipengele saba, na kila kimoja kinaanzia hapa na kuishia pale. Anapoandika kistari kwa mkono, kivinjari huona sentensi ya kawaida iliyoanza na kistari. Machoni pa mwandishi vitu hivyo viwili vinafanana. Kwa simu ya msomaji, havifanani hata kidogo.

Tofauti ya kwanza hujitokeza kwenye kioo chembamba. Kipengele kirefu cha orodha halisi kikivunjika na kuwa mistari miwili au mitatu, mistari yote hujipanga chini ya neno la kwanza, na namba hubaki peke yake pembeni. Katika orodha iliyoandikwa kwa mkono, mstari wa pili hurudi chini ya namba na vipengele huchanganyika. Nafasi zilizoongezwa kwa kibodi ili kunyoosha mistari kwenye kompyuta ya ofisini huvurugika zikifika kwenye simu.

Tofauti ya pili hujitokeza siku ya marekebisho. Katika orodha halisi, kipengele kipya kikiingizwa katikati, namba zinazofuata hujirekebisha zenyewe. Katika orodha ya mkono, afisa hulazimika kubadilisha kila namba, na mara nyingine hubaki na "4" mbili au kuruka kutoka 6 hadi 8. Msomaji anayeona namba imerukwa huwa na haki ya kudhani kwamba kuna sharti limefichwa au limesahauliwa.

Msomaji asiyeona

Tofauti ya tatu inagusa kundi ambalo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalitambua na kulilinda. Mtu asiyeona hutumia kompyuta au simu kwa msaada wa programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo. Mojawapo ya programu hizo ni NVDA, inayopatikana bila malipo tangu mwaka 2006, ambayo waanzilishi wake wawili, Michael Curran na James Teh wa Australia, wenyewe hawaoni. Sauti ya eSpeak NG inayoambatana nayo ina uwezo wa kusoma Kiswahili.

Programu ya namna hiyo ikikutana na orodha halisi, humtangazia msikilizaji kwamba ameingia katika orodha yenye vipengele saba, kisha humsomea kimoja baada ya kingine, na mwishoni humjulisha kwamba ametoka. Msikilizaji anaweza pia kuiruka orodha nzima au kurudi mwanzoni mwake. Orodha ya vistari haimpi lolote kati ya hayo. Husikia mtiririko wa maneno usio na mwanzo wala mwisho. Picha ya tangazo lililochapwa, iliyopandishwa kwenye tovuti bila maandishi, humpa hata kidogo zaidi, kwani huenda asisikie neno lolote.

Asilimia mbili ya mapato iliyotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu ni yao. Tangazo la fedha hizo linapaswa kuwa la kwanza kusomeka kwao bila kumtegemea jirani.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kubandika maandishi kutoka Microsoft Word moja kwa moja. Word huja na mitindo yake iliyofichika, na ikibandikwa kwenye kihariri inaweza kuleta vitone vya ukubwa tofauti, herufi za aina mbili, au namba zilizogeuka kuwa maandishi ya kawaida. Njia salama ni kubandika maandishi matupu kwa kubonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja, kisha kuunda orodha upya ndani ya kihariri. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huondoa usumbufu wa baadaye.

Kosa la pili ni kuikata orodha ya namba kwa aya ya maelezo. Mwandishi akitoka kwenye orodha baada ya namba 3, akaandika aya, kisha akaanza tena, kihariri huanza upya na namba 1. Mwananchi hukuta tangazo lenye hatua ya kwanza mbili. Maelezo hayo yawekwe ndani ya kipengele kwa njia ya Shift na Enter iliyoelezwa hapo juu, au orodha ya pili ipangiwe kuanza na namba 4 kupitia sifa za orodha, kama kihariri kinaruhusu.

Kosa la tatu ni kuchanganya miundo ya sentensi. Kipengele kimoja kinaanza na "awe na umri", cha pili "nakala ya cheti", cha tatu "ni lazima kufika mwenyewe". Vipengele vya orodha moja vinapaswa kufuata sentensi ya utangulizi kwa namna moja. Utangulizi ukiwa "Mwombaji", basi kila kipengele kianze na kitendo: awe, aambatishe, ajaze, awasilishe. Utangulizi ukiwa "Nyaraka zinazohitajika ni", basi kila kipengele kiwe jina la waraka: barua, cheti, katiba, muhtasari. Njia rahisi ya kuhakiki ni kusoma utangulizi pamoja na kila kipengele kwa sauti. Kile kinachokwama ulimini kirekebishwe.

Kosa la nne ndilo la hatari kuliko yote. Orodha peke yake haisemi kama vitu vyote vinahitajika au kimoja kinatosha. Tangazo likiandika "Kitambulisho", halafu likaorodhesha kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva na hati ya kusafiria, mwananchi mwenye kadi ya mpiga kura pekee anaweza kuamini kwamba hana sifa, akabaki nyumbani. Hakuna atakayejua kwamba alikosa haki yake kwa sababu ya neno moja lililoachwa. Kila orodha ya masharti lazima itanguliwe na neno "zote" au "mojawapo", na ikiwezekana kipengele cha kabla ya mwisho kimalizike na "na" au "au".

Kosa la tano ni kugeuza kila kitu kuwa orodha. Taarifa inayoeleza kwa nini maji yatakatika katika mtaa fulani ina sababu na matokeo yanayofuatana, na aya hueleza uhusiano huo vizuri zaidi kuliko vitone. Salamu za rambirambi haziandikwi kwa vitone. Orodha yenye kipengele kimoja si orodha, na orodha yenye vipengele 20 huchosha kama aya ndefu. Orodha ndefu igawanywe kwa vichwa vidogo, mathalani nyaraka za kikundi, nyaraka za kila mwanakikundi, na nyaraka za mradi.

Sheria ndogo zina utaratibu wake

Tahadhari ya pekee inahitajika wakati wa kupandisha sheria ndogo za halmashauri. Katika uandishi wa sheria nchini, vifungu vidogo huwekewa tarakimu katika mabano, aya huwekewa herufi kama (a) na (b), na aya ndogo huwekewa tarakimu za Kirumi kama (i) na (ii). Alama hizo ni sehemu ya sheria yenyewe. Mwananchi anayetozwa ushuru wa mazao ana haki ya kuonyeshwa kifungu kinachohusika, na kifungu hicho lazima kisomeke vilevile kwenye tovuti kama kilivyo katika nakala iliyochapishwa.

Kwa sababu hiyo, afisa asiruhusu kihariri kipange upya namba za sheria. Endapo orodha ya kihariri itatumika, ichaguliwe aina ya herufi au tarakimu za Kirumi inayolingana na chanzo, kisha ukurasa ulinganishwe na nakala rasmi kifungu kwa kifungu. Vilevile, nakala rasmi ya sheria ndogo iambatishwe ili msomaji aweze kujiridhisha mwenyewe.

Tangazo linapofika kwenye makundi ya WhatsApp

Matangazo mengi huishia kwenye makundi ya kata na vijiji, na huko pia orodha inaweza kutunzwa. Tangu mwaka 2024, WhatsApp huunda orodha yenyewe. Mtu akianza mstari kwa kistari na nafasi moja, hupata kitone. Akianza kwa namba, nukta na nafasi moja, hupata orodha ya namba. Mtendaji anayenakili tangazo kutoka kwenye tovuti ahakikishe kwanza kwamba namba hazikupotea njiani, na aweke kiungo cha ukurasa wa tovuti mwishoni mwa ujumbe. Kiungo hicho humwezesha mwananchi kulinganisha alichotumiwa na kilichotangazwa, jambo ambalo pia humkinga dhidi ya matangazo ya kughushi yanayotaka fedha kwa jina la halmashauri.

Mambo ya kuhakiki kabla ya kuwasilisha

Idara, kata, vijiji na vituo vinavyowasilisha matangazo kwenye Kitengo cha Mawasiliano Serikalini vinaombwa kuhakiki mambo yafuatayo yote:

• orodha imetanguliwa na sentensi inayosema "zote" au "mojawapo";
• idadi ya vipengele imetajwa katika utangulizi pale inapowezekana;
• namba zimetumika kwa hatua, na vitone vimetumika kwa vitu visivyo na mfuatano;
• kila kipengele kinabeba jambo moja tu;
• vipengele vyote vinaanza kwa muundo mmoja;
• tarehe ya mwisho, mahali pa kuwasilisha na ada, kama ipo, vimewekwa nje ya orodha, mahali panapoonekana, na
• maandishi yametumwa kama maandishi, si kama picha ya karatasi.

Mwisho, tangazo lisomwe na mtu mmoja ambaye hakushiriki kuliandika, ikiwezekana kwenye simu, kisha aulizwe: ukitoka nyumbani kesho asubuhi kuja kuomba huduma hii, utabeba nini? Akitaja vitu saba bila kusita, tangazo liko tayari kuchapishwa. Akitaja sita, lirudishwe mezani likiwa bado halijamfikia mwananchi.